Paka kumi na mbwa wanne Mirihi: hesabu yake

SWALI: Ninafundisha fizikia sekondari huku Mikindani. Klabu yetu ya sayansi inachora makazi ya watu 200 kwenye sayari ya Mirihi, na wanafunzi wamegawanyika. Kundi moja linataka paka 10 na mbwa 4 waishi na watu, jingine linasema wanyama watamaliza oksijeni. Kwenye mchoro mmoja wameandika: "Paka watakula mabaki, kama nyumbani." Naomba jibu lenye namba: hewa, chakula, maji, uchafu, na siku ya hatari mnyama anafanywaje. Na kati ya Mwezi na Mirihi, wapi kuna nafuu kwa mnyama?

JIBU: Mwalimu, tuanze na oksijeni kwa kuwa ndiyo iliyowagawa, ingawa ndiyo nyepesi kuliko yote uliyouliza.

Nishati anayotumia mnyama akiwa ametulia hupatikana kwa kanuni fupi: chukua uzito wake kwa kilo, uupandishe kwa kipeo cha 0.75, kisha zidisha kwa 70. Jibu linakuja kwa kilokalori kwa siku. Paka wa kilo 4 anapata 198. Kwa paka wa ndani aliyehasiwa zidisha tena kwa 1.2, iwe kama 240. Kila lita ya oksijeni inayotumika mwilini hutoa takriban kilokalori 4.8, kwa hiyo paka huyo anahitaji lita 50 kwa siku, yaani gramu 70 hivi, na anatoa hewa ukaa kama gramu 80. Mtu mzima, kwa kipimo wanachopangia NASA, shirika la anga la Marekani, anatumia gramu 840 za oksijeni na kutoa karibu kilo moja ya hewa ukaa. Paka 12 ni sawa na mtu mmoja. Mbwa ni mzito zaidi: wa kilo 20, ukitumia kizidisho cha 1.6, anafika kilokalori 1,060 na gramu 310 za oksijeni, zaidi ya theluthi ya mtu.

Jumlisheni orodha yenu yote: kilo 1.95 za oksijeni na kilokalori 6,600 kwa siku. Ni watu wawili na kitu. Mitambo inayoelemewa na pumzi za watu wawili zaidi haifai hata kwa hao 200 mliowapanga.

Wanafunzi wanaoogopa paka watazame kwanza bustani yao. Kule Arizona, Marekani, watu wanane walijifungia kwenye jengo la Biosphere 2 tangu 1991 hadi 1993. Oksijeni ilishuka kutoka asilimia 20.9 hadi karibu 14.5, ikabidi iongezwe kutoka nje. Ndani mlikuwa na mbuzi, kuku, nguruwe, hata komba, jamaa za hawa wanaolia usiku huko Rondo. Lakini si wao waliokula hewa. Walioila ni bakteria wa udongo uliojazwa mboji kupita kiasi, na hewa ukaa waliyoitoa ikanyonywa na zege la jengo badala ya kurudi kwa mimea. Gramu kwa gramu, tuta la mboga lenye samadi nyingi linatisha kuliko paka aliyelala juu yake.

Sasa hilo la mabaki. Paka wa Mikindani anapewa ugali wa muhogo na kichwa cha dagaa, na anadunda. Anadunda kwa sababu sahani ile si mlo wake wote: usiku anakula panya, mjusi, panzi, na alichodokoa kwa jirani. Makazi yenu hayana panya, au tuombe yasiwe nao. Paka akibaki na ugali na mchicha pekee atapofuka, na moyo wake utatanuka na kuchoka. Mwili wake hauwezi kutengeneza taurini ya kutosha (kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki), hauwezi kubadili rangi ya karoti kuwa vitamini A, na unataka mafuta ya aina ambayo hayapatikani kwenye mimea. Mbwa anaweza kuishi kwa wali, maharage na mayai ukipanga vizuri, paka hawezi.

Kwa hiyo chakula cha paka kipangwe tangu siku ya kwanza. Kama mnafuga perege kwa ajili ya watu, vichwa, matumbo na mifupa laini vinaweza kuwa msingi wake: pika hadi mifupa ivunjike kwa vidole, saga, kausha. Kupika si hiari, maana aina kadhaa za samaki wabichi zina kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayelishwa mbichi kila siku huanza kuyumba kichwa, kisha hupata kifafa. Ongezeni taurini ya unga ifikie angalau gramu 1 kwa kila kilo ya chakula kikavu. Kwa paka mmoja anayekula gramu 65 za chakula kikavu kwa siku, mwaka mzima ni kama gramu 24, pakiti inayoingia mfukoni. Ndicho kitu pekee cha paka ambacho tungekibeba kutoka duniani bila kubishana, na tungebeba cha miaka mitano.

Maji hayana ugomvi mkubwa. Paka anahitaji kama mililita 200 kwa siku pamoja na yaliyo kwenye chakula, na karibu yote yanarudi kwa mkojo, pumzi na choo. Ugomvi uko kwenye namna yanavyorudi. Kituo cha Kimataifa cha Anga kilifikia mwaka 2023 kurejesha asilimia 98 ya maji yake, lakini njiani mtambo wa mkojo uliwahi kuziba. Wanaanga hupoteza kalsiamu ya mifupa, inatoka kwa mkojo, ikakutana na asidi ya salfa iliyowekwa kuhifadhi mkojo, na pamoja zikajenga mawe ndani ya mtambo. Ilibidi asidi ibadilishwe, ikawekwa ya fosfeti. Mkojo wa paka ni mzito kuliko wa mtu. Ukiumwaga kwenye mtambo wa watu unanunua kesi ileile kwa bei ya juu.

Tunashauri mkojo wa wanyama uwe na njia yake. Paka 10 hutoa kama lita moja kwa siku, hivyo hakuna haja ya mtambo mkubwa. Sanduku la choo liwe limefungwa, lina mlango mmoja, na feni ndogo inavuta hewa kutoka ndani kwenda nje, kamwe isiwe kinyume chake. Hewa hiyo ipite kwenye mkaa uliolowekwa asidi ya fosfeti. Mkaa mtupu unashika harufu nyingi lakini amonia inaupita. Asidi ndiyo inayoinasa na kuigeuza chumvi ambayo baadaye ni mbolea. Mvuke unaobaki unakamatwa na mashine ya kukausha hewa ambayo makazi yanayo tayari.

Amonia msiidharau. Chukueni chumba cha mita za ujazo 50. Gramu moja tu ya amonia ikivuja humo inafikisha sehemu 28 kwa milioni, na kiwango kinachoshauriwa kwa mfanyakazi wa saa nane ni 25. Protini anayokula paka mmoja kwa siku ina nitrojeni ya kutengeneza zaidi ya gramu nne. Nyumbani tunafungua dirisha. Kule hakuna dirisha la kufungua.

Cha kuweka ndani ya sanduku: si udongo wa mfinyanzi unaouzwa mijini, kwa kuwa ni mzito kubeba na vumbi lake linaziba vichujio. Si mchanga wa Mirihi, sababu tutaieleza. Na kwa kuwa mko Mtwara, kuna mwanafunzi atasema maganda ya korosho. Hapana: mafuta ya ganda la korosho yanachoma ngozi, kamuulizeni yeyote anayebangua kwa mkono, na paka hulamba nyayo zake. Tumieni mabua ya ngano au mpunga wa bustani yenu, yaliyosagwa na kushindiliwa kuwa vipande vya ukubwa wa kidole kidogo. Mabua makavu hunywa mara mbili ya uzito wake au zaidi, kwa hiyo paka mmoja anatumia kama gramu 50 kwa siku, kilo 18 kwa mwaka. Baada ya hapo yanakwenda kwenye tanuri la taka au kwenye mboji ya moto iliyofungwa, si moja kwa moja bustanini, kwa sababu ya chumvi na ya minyoo.

Sasa vumbi, ambalo wachoraji wengi wa makazi hulisahau kwa wanyama ingawa kwa watu wanalikumbuka. Mtu akirudi kutoka nje anavua suti na kunawa mikono. Paka hanawi, anajilamba. Chochote kilichotua kwenye manyoya yake asubuhi kimo tumboni mwake mchana. Chombo cha Phoenix mwaka 2008 kilikuta kwenye udongo wa Mirihi chumvi za pakloreti, karibu nusu asilimia, na chumvi hizo huzuia tezi ya shingo kupata madini ya joto. Vumbi la Mwezi halina sumu hiyo, lakini chembe zake zina makali kama chupa iliyovunjika kwa kuwa hakuna upepo wala maji ya kuzisugua. Mwanaanga Harrison Schmitt, aliyefika Mwezini na Apollo 17, alivimba pua na kupiga chafya kwa kulivuta kidogo tu ndani ya chombo.

Kwa hiyo kwenye mchoro wenu, kati ya chumba cha kuvulia suti na sehemu anayofika mnyama pawe na milango miwili, na sakafu ya katikati isuguliwe kwa maji. Kila wiki mpangusie paka mgongo na tumbo kwa kitambaa cheupe chenye unyevu. Kitambaa kikitoka na wekundu, mlango mmoja unavuja vumbi, na watu nao wanalivuta. Ndiyo maana tungechagua paka weupe: ni kipimo kinachotembea, na hakihitaji betri.

Manyoya yenyewe ni kazi ya kila siku. Kwenye Kituo cha Anga wanaanga hupitisha mashine ya kufyonza kwenye vizuizi vya vichujio, na hapo ni watu watupu wasio na mkia. Mkiwa na paka, tundu la kunyonya hewa liwe na ngazi tatu: wavu wa matundu ya milimita moja au mbili unaochomoka kwa mkono, kitambaa kinachofuliwa, kisha kichujio chenyewe cha chembe ndogo. Bila wavu, kichujio cha bei kubwa kinafunikwa manyoya ndani ya wiki, feni inahangaika, na hewa ukaa inaanza kujikusanya kwenye kona za kulala ambako mzunguko ni hafifu. Paka apigwe brashi dakika 10 kila baada ya siku moja, ndani ya kisanduku chenye feni ya kuvuta. Sabuni za manyoya zenye silikoni zipigwe marufuku. Kemikali za jamii hiyo, zinazotoka kwenye vipodozi, zimewahi kuingia hadi kwenye maji ya kunywa ya Kituo cha Anga na kuwachosha wahandisi.

Atatokea wa kusema leteni paka asiye na manyoya. Haisaidii sana. Kinachowapa watu mafua na pumu ni protini iliyo kwenye mate na mafuta ya ngozi ya paka, na asiye na manyoya anayo vilevile. Tena anakula zaidi ili kupata joto, na anataka kuogeshwa kila wiki. Dawa ni kugawa makazi: angalau theluthi ya vyumba vya kulala iwe na mfumo wake wa hewa, na paka asiingie humo hata akilia mlangoni.

Mlisahau dari. Paka anayeruka mita 1.5 duniani anaondoka sakafuni kwa mwendo wa mita 5.4 kwa sekunde. Mirihi, ambako mvutano ni 0.38 ya wetu, ruko lilelile lingempandisha karibu mita 4; Mwezini, mita 9. Tuseme dari yenu iko mita 2.5. Kwa hiyo Mwezini atalipiga kwa kichwa akiwa bado na mwendo wa mita 4.6 kwa sekunde, sawa na kudondoka kichwa chini kutoka zaidi ya mita moja hapa nyumbani. Mirihi ni mita 3.3 kwa sekunde, kama kudondoka nusu mita. Atajifunza, lakini siku za kwanza afungwe kwenye chumba chenye dari laini. Sakafu nayo iwe na kitu cha kukwaruza: akiwa na uzito mdogo, kucha ndizo zinazomzuia kuteleza anapokata kona. Zulia la makumbi ya nazi lingefaa sana kama si nyuzi zake kukatika. Turubai nene lililoshonwa kwa mistari linatosha.

Kelele: wahandisi hupima hadi kilohezi 20, mwisho wa sikio la mtu. Mbwa anasikia hadi kama 45, paka hupita 60. Kuna vifaa vya umeme ambavyo kwa mtu viko kimya na kwa paka ni filimbi isiyokoma. Pimeni hadi 80 kabla ya kumhamishia chumbani, mtapunguza paka wa kukojoa kila mahali bila sababu inayoonekana.

Magonjwa yaishie duniani. Karantini ya miezi sita, chanjo ya kichaa cha mbwa, vipimo vya minyoo, giardia, mapunye na virusi vya paka, virudiwe baada ya siku 30. Toksoplazma, kimelea kinachotoka kwenye choo cha paka na kudhuru mimba, ipewe uzito wa pekee kwa sababu ya wajawazito: achaguliwe paka aliyezaliwa na kukulia ndani, asiyewahi kula nyama mbichi wala panya. Mayai ya kimelea hicho yanahitaji siku moja hadi tano baada ya kutoka ndipo yaambukize, hivyo choo kikisafishwa kila siku, hata kosa la karantini linapungua makali. Wote wahasiwe. Jike huanza kushika mimba akiwa na miezi mitano au sita, anabeba kwa siku 63 hivi, na anazaa wanne. Makazi ya watu 200 yanaweza kuwa na paka 50 kabla baraza halijakutana. Upasuaji ufanyike kwa dawa ya usingizi ya sindano. Gesi za usingizi zenye florini zinabaki hewani mwenu na kuharibu mitambo ya kusafisha hewa.

Mbwa tunaona muwaondoe kwenye awamu ya kwanza, au mchukue wawili wa kilo 8. Hesabu ya chakula mmeiona. Liko pia jambo ambalo darasa la Mikindani halina haja ya kuelezwa: sehemu kubwa ya wakazi kutoka pwani hii ni Waislamu wa madhehebu ya Shafi, na mate ya mbwa kwenye chombo au nguo yanataka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Maji yanahesabiwa kwa lita, na udongo wa nje una pakloreti. Mkimpanga mbwa, mpeni upande wake wenye korido yake na mashine yake ya kufulia, wala msiseme watu watazoea.

Kuhusu Mwezi na Mirihi. Kuishi, Mirihi ni nafuu: mvutano ni zaidi ya mara mbili ya ule wa Mwezi, siku ni saa 24 na dakika 39, na mionzi ya juu ya ardhi ni kama nusu ya ile ya Mwezini, ingawa kote mtajifukia chini ya mita mbili au tatu za udongo. Kusafiri, Mwezi ni nafuu mno: siku tatu dhidi ya miezi sita hadi tisa bila uzito. Na safari ndiyo tusiyoijua kwa wanyama hawa. Paka pekee aliyewahi kurushwa anga za juu akarudi hai ni Félicette, aliyerushwa na Wafaransa tarehe 18 Oktoba 1963 kutoka Algeria, na safari yake nzima ilikuwa dakika 13. Mbwa wa Kisovyeti Veterok na Ugolyok walikaa siku 22 mwaka 1966, wakarudi wamekaukiwa maji na misuli imenywea. Panya wamekaa zaidi ya mwezi kwenye Kituo cha Anga wakala na kujisafisha vizuri, ila baadhi walianza kukimbia mduara kuta zote nne. Wajapani waliwazungusha panya kwenye mashine iliyowapa uzito wa dunia kwa siku 35, na misuli na mifupa ikadumu. Kwa paka mashine hiyo ni kubwa mno: ukizungusha mara 5 kwa dakika, kupata tu uzito wa Mirihi unahitaji nusu kipenyo cha mita 13 na zaidi. Ama chombo chote kinazunguka, ama paka asubiri. Na mkifikiria mimba, hakuna mamalia aliyewahi kutungwa na kuzaliwa nje ya dunia.

Utaratibu wetu ungekuwa huu. Mwaka wa kwanza, tangi la samaki la lita 200 ukumbini. Lianze wiki sita kabla ya samaki wengi kuingia ili bakteria wa kula amonia wakomae, na muweke pampu ya hewa yenye nguvu, maana viputo hupanda polepole mvutano ukiwa mdogo. Kisha kware sita: gramu 150 za chakula kwa siku kwa wote, mayai manne au matano ya gramu 10. Wanaohofia kware wana hoja, kwani vifaranga walioanguliwa kwenye Mir, kituo cha anga cha Wasovyeti, mwaka 1990 walishindwa hata kujishikiza wale, lakini pale hapakuwa na uzito kabisa, Mirihi watasimama. Vichujio vikivumilia vumbi la manyoya ya kware kwa mwaka mzima, leteni paka wanne, si kumi.

Mnyama akifa, msimzike nje. Kwenye baridi na ukavu ule haozi, na mtakuwa mmetupa bakteria kwenye sayari mliyokwenda kuichunguza. Agandishwe, akaushwe, kisha tanuri au mboji ya moto. Wakazi waelezwe hilo kabla paka hajapewa jina.

Lililobaki ni siku ya hatari, na hapa ndipo klabu inaweza kufanya jaribio la kweli. King'ora kikilia, kila paka anaingia kwenye sanduku lisilopitisha hewa, la lita 100, la saa nne. Paka mwenye hofu anapumua mara mbili ya kawaida. Kwa saa nne atatoa gramu 27 za hewa ukaa na kutumia lita 17 za oksijeni. Bila kufyonzwa, hewa ukaa ingefika asilimia 3 kabla ya saa moja, naye angeanza kuhema na kupiga kuta. Gramu 60 za lithiamu haidroksaidi zinatosha pamoja na akiba, lakini ziwe kwenye kopo lenye vitambaa pande zote mbili, kwani unga wake unaunguza mapafu. Oksijeni: kichupa cha lita moja kwa shinikizo la mara 20 ya hewa ya kawaida.

Watoto wengi huishia hapo, wakasahau joto. Paka huyo ni kama taa ya wati 23. Mbwa Laika, aliyerushwa na Wasovyeti mwaka 1957, alikufa saa chache baada ya kurushwa kwa sababu ya joto kupita kiasi, hewa ikiwepo. Kwa saa nne sanduku linahitaji karibu kilo moja ya barafu ili kumeza joto la mwili. Wekeni kilo moja na nusu, kwa kuwa lithiamu nayo inatoa joto inapofyonza.

Tafuteni boksi la povu la wauza samaki, la lita 80 hadi 100, unene wa sentimita 3. Ndani wekeni taa mbili za wati 12 halisi, si zile zilizoandikwa "sawa na wati 60", kila moja ndani ya kopo la bati lisilogusa povu, na kipimajoto kinachosomeka kutoka nje. Zibeni tundu la waya kwa utepe. Someni kila dakika 10 kwa saa mbili. Kwa taa moja tarajieni nyuzi 8 hadi 10 juu ya joto la darasa, kwa mbili kama 18. Darasa la Mikindani likiwa na nyuzi 28, ndani mtaona zaidi ya 45, na paka mwenyewe ni 38.5. Kisha rudieni na barafu ya kilo moja na nusu kwenye chupa, saa nne kamili, na mpime maji yaliyoyeyuka. Joto likipanda kabla ya saa ya nne, barafu imekaa chini; ihamishieni juu, karibu na mfuniko, na mwanze upya.